Msizike Kompyuta Iliyo Hai

Yupo fundi anayepokea kompyuta nzito mezani kwake na kutoa hukumu kabla hajaiwasha: "Hii ni ya kupiga Windows tu," yaani kuifuta yote na kuiwekea Windows upya. Haulizi inaganda ukifanya nini. Haulizi tatizo lilianza lini. Jioni unarudishiwa mashine tupu: picha za harusi hazipo, barua za maombi ya kazi hazipo, na Windows iliyowekwa ni ya wizi, imefunguliwa kwa kiprogramu ambacho fundi alilazimika kuzima kinga ya virusi ndipo kikubali kufanya kazi. Wiki ya kwanza inakimbia. Mwezi haujaisha imerudi palepale. Ukiipeleka tena, hukumu inabadilika: "Mama, hii imechoka. Tafuta nyingine." Na hiyo nyingine anayo, ipo kwenye shelfu nyuma yake, imeingia juzi kutoka Dubai, na kiumri haipishani sana na hiyo anayokwambia uitupe.

Nalisema hili waziwazi kwa sababu linawaumiza watu wasio na pesa ya kuchezea. Mwalimu anayetunga mitihani nyumbani usiku, kijana anayejaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, mama wa duka anayeweka hesabu zake kwenye Excel, wote wanategemea kompyuta moja iliyonunuliwa kwa kujinyima. Kumwambia mtu kama huyo anunue mpya bila kumpimia chochote ni kumwibia. Fundi awe amekusudia au hajui, pesa imetoka mfukoni vilevile.

Kompyuta haichoki. Prosesa iliyotoka kiwandani mwaka 2014 ikiwa na kasi ya gigahezi 2 ina kasi hiyohiyo leo, ilimradi haichemki. RAM yake ya gigabaiti 4 bado ni gigabaiti 4. Vinavyochakaa kweli ni vichache: diski ya kuzunguka, feni, betri, na ile krimu inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa. Vyote hivyo vinabadilishika. Kilichobadilika kuliko vyote ni mzigo unaorundikwa juu ya mashine ileile mwaka hadi mwaka, na wanaourundika hawakumwomba mwenye mashine ruhusa.

Mzigo huo unaonekana kwa macho. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Linafunguka dirisha la Task Manager, lenye orodha ya kila kinachoendeshwa ndani ya mashine, na juu ya orodha hiyo zipo asilimia: za prosesa, za kumbukumbu (yaani RAM), za diski. Ni bure, lipo kwenye kila Windows unayoweza kukutana nayo nyumbani, na kulisoma hakuhitaji cheti. Fundi anayetoa hukumu bila kulifungua anabahatisha, na anabahatisha kwa mali ya mtu.

Nichukue kompyuta mpakato ya mwalimu mmoja wa sekondari ambayo nilikaa nayo mezani. Core i3 ya kizazi cha nne, RAM ya gigabaiti 4, diski ya kuzunguka, Windows 10. Alikwisha kuambiwa kwamba imekufa. Niliiwasha, nikasubiri mpaka ifike mwisho wa kuhangaika, nikafungua dirisha hilo. Prosesa asilimia 11. Kumbukumbu asilimia 88. Diski asilimia 100, na haikushuka. Hapo mwalimu mwenyewe hajafungua hata programu moja.

Zisomeni namba hizo pamoja, kwa sababu ukitazama moja tu itakudanganya. Prosesa, ambayo ndiyo iliyosingiziwa kuchoka, ilikuwa imekaa bure ikisubiri. Kilichokuwa kinateseka ni diski, na sehemu kubwa ya mateso hayo ilitokana na kumbukumbu kujaa. RAM inapokaribia kujaa, Windows huanza kuhamishia baadhi ya vilivyomo kwenye faili lililoko diskini, kisha huvirudisha vinapohitajika huku ikitoa vingine kuvipisha. Ni mama ntilie mwenye meza ndogo na stoo iliyo mtaa wa pili: kila kitunguu anakifuata kwa miguu, na akirudi nacho lazima apeleke sufuria ndipo apate pa kukikatia. Kwa kipimo halisi, RAM hujibu ndani ya sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Diski ya kuzunguka inahitaji kama sehemu moja ya mia ya sekunde ili kichwa chake kifike mahali data ilipo. Tofauti hiyo ni mara laki moja. Kazi ambayo RAM ingeifanya kwa sekunde moja, diski ingeifanya kwa zaidi ya siku nzima. Sasa mtu anasema kompyuta imezeeka!

Na nani aliijaza kumbukumbu hiyo? Tulikwenda kwenye orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe. Zilikuwepo kinga mbili za virusi, moja ya majaribio iliyokuja na mashine na muda wake ulikwisha zamani, nyingine iliyowekwa na fundi. Kila faili lililofunguliwa lilikaguliwa na zote mbili. Ilikuwepo programu ya printa ambayo mwalimu hana tena. Zilikuwepo programu mbili za kuhifadhi mafaili mtandaoni, na moja hajawahi kuitumia. Ilikuwepo programu ya mikutano ya video iliyobaki tangu enzi za korona, na kivinjari kilichopangwa kiendelee kufanya kazi hata baada ya kufungwa. Kila moja inachukua sehemu yake kabla mwenye mashine hajaketi.

Kisha kwenye ukurasa wa prosesa wa Task Manager kulikuwa na muda tangu mashine iwashwe upya: siku 23.

"Lakini naizima kila usiku, kaka," mwalimu aliniambia.

Alisema kweli. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kwa kawaida kwenye kompyuta nyingi si kuzima kamili. Mfumo huhifadhi kiini chake diskini na kukirudisha kilekile asubuhi ili uwakaji uonekane wa haraka. Uchafu uliokaa kwenye kiini hicho unarudi nacho. Anayetaka mashine ianze upya kabisa lazima achague Restart. Jambo hili dogo lingeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa kwenye ukuta wa kila duka la kompyuta Kariakoo, Dar es Salaam, watu wangapi wangeokoa nauli zao! Halibandikwi.

Tuliondoa kinga moja ya virusi, ile ya pili tukaiondoa pia, kwa sababu Windows 10 ina kinga yake yenyewe inayojiwasha ikikosa mwenzake. Programu nyingine za kujiwasha tukazizuia, bila kufuta hata moja, kwa hiyo atakayeihitaji ataifungua mwenyewe. Tukachagua Restart. Kumbukumbu ilishuka hadi kama nusu na diski ikatulia. Hakuna faili lililopotea na hakuna shilingi iliyotoka. Baadaye mwalimu aliweka SSD, ile diski isiyozunguka, akaongeza RAM ya gigabaiti 4 kwenye nafasi iliyokuwa tupu. Leo kompyuta hiyohiyo "iliyokufa" inafungua mtihani wake kwenye Word kabla hajamaliza kuvuta kiti.

Ninasisitiza mpangilio huo: kwanza punguza mzigo, kisha ndipo utumie pesa, na pesa ya kwanza iende kwenye SSD kama bado unatumia diski ya kuzunguka. Kuongeza RAM kuje baada ya hapo, na kuje kwa akili. Muulize fundi kompyuta yako inatumia DDR3, DDR3L au DDR4, maana si kila moja inakubali mahali pa nyingine. Muulize mazabodi ina nafasi ngapi na inakubali kiasi gani. Na tazama kama Windows yako ni ya biti 32. Kama ni ya biti 32, haitavuka gigabaiti 4 hata ukiijazia RAM mpaka ifurike, na kuna watu wameuziwa RAM ambayo mfumo wao hauwezi kuiona. Huo ni utapeli, tuuite hivyo.

Kabla ya yote, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Na kama diski inatoa sauti ya kugonga, usiendelee na majaribio yoyote. Nakili unachoweza, zima, ndipo uzungumze na fundi.

Zipo sababu nyingine na nazipitia haraka. Ukikuta prosesa iko juu muda wote bila wewe kufanya lolote, shuku kirusi, hasa vile vinavyochimba sarafu za kidijitali kwa umeme wako. Mara nyingi vinaingia na programu za wizi. Ukikuta mashine inaanza vizuri na baada ya dakika kumi inakuwa nzito huku feni inanguruma, ni joto: prosesa inajipunguzia kasi ili isiungue, na dawa yake ni kutoa vumbi na kubadilisha ile krimu, kazi ya chini ya saa moja kwa fundi anayeijua. Ukikuta diski C imebakiza nafasi kiduchu, ipunguze. Na jambo ambalo hata mafundi wazuri hulisahau: baadhi ya kompyuta mpakato hujipunguzia kasi kwa makusudi zikichomekwa chaja zisiyoitambua. Umenunua chaja ya bei poa mtaani, mashine imekuwa konokono, unaambiwa upige Windows. Utapiga Windows mara kumi na chaja iko palepale ukutani.

Siwalaumu mafundi wote. Wapo Kariakoo, wapo Luthuli Avenue kule Nairobi, wapo kwenye vyumba vya uani Mwanza na Tanga, watu wanaofungua mazabodi wakabadilisha kipande kidogo kuliko punje ya mchele na kuirudishia uhai mashine iliyokataliwa na wote. Hao ndio wanaochafuliwa jina na wapiga Windows. Na kupiga Windows upya kuna mahali pake: kirusi kilichozama, mfumo uliovunjika usiokubali kurekebishwa. Lakini iwe hatua ya mwisho baada ya kupima, na baada ya kumuuliza mwenye mali mafaili yake yako wapi.

Hasira yangu kubwa zaidi iko juu ya ngazi ya fundi. Iko kwa watengeneza programu.

Windows 95 ilidai RAM isiyopungua megabaiti 4. Windows XP, mwaka 2001, ilidai megabaiti 64. Windows 11, mwaka 2021, inadai gigabaiti 4, na yeyote aliyejaribu kuitumia kwa kiasi hicho anajua inavyotambaa. Kutoka megabaiti 4 hadi gigabaiti 4 ni mara 1,024. Je, barua unayoiandika leo ni bora mara elfu moja kuliko ya mwaka 1995? Niklaus Wirth, mwanasayansi wa Uswisi aliyeibuni lugha ya Pascal, aliliandika jambo hili mwaka huohuo wa 1995: programu zinazidi kuwa nzito haraka kuliko mashine zinavyozidi kuwa na kasi. Alifariki Januari 2024 na hali imekuwa mbaya kuliko alivyoiacha alipoandika.

Wazee wa Windows 95 na 98 watakumbuka onyo la rasilimali za mfumo kuisha. Watu walikimbilia kununua RAM, na onyo likarudi. Sababu ni kwamba mfumo ule ulikuwa na sehemu ndogo maalumu za kuhifadhi kumbukumbu za madirisha, vitufe na michoro, nyingine zikiwa na kilobaiti 64 tu, na ukubwa wake haukuongezeka hata ungenunua RAM yote ya dukani. Kosa lilikuwa la msanifu wa programu, ankara ikaenda kwa mnunuzi. Miaka imepita na mpango haujabadilika.

Tazama WhatsApp tunayoishi nayo mchana na usiku. Kwa muda ilikuwepo programu iliyojengwa mahsusi kwa Windows, nyepesi. Mwaka 2025 Meta iliiondoa na kuweka mahali pake ukurasa wa wavuti uliovalishwa dirisha, unaokula kumbukumbu zaidi kwa ujumbe uleule wa "umefika salama?" Programu nyingi za kuzungumza kazini zimejengwa hivyohivyo, kila moja ikiwa imebeba kivinjari kizima tumboni. Fungua tatu, umefungua vivinjari vitatu kabla ya kile chako. Kwa kampuni ni nafuu, maana inaandika msimbo mara moja na kuusambaza kila mahali. Akiba ni yao, RAM ni ya kwako.

Halafu Microsoft ikafunga mlango kabisa. Tarehe 14 Oktoba 2025 ilisitisha masasisho ya usalama ya bure kwa Windows 10, ikaacha nyongeza ya mwaka mmoja kwa wanaojiandikisha. Anayetaka kuhamia Windows 11 anadaiwa kijichipu cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, karibu zote ni za kizazi cha nane kuja juu, yaani za kuanzia mwaka 2017 hivi. Kompyuta ya yule mwalimu haimo. Inafungua Word haraka, inacheza video, inajaza fomu za kuomba kazi serikalini kwenye Ajira Portal, na kampuni iliyo ng'ambo imeiandika kwenye orodha ya takataka.

Najua jibu linalotolewa: usalama. Ni jibu zito na silikwepi. Kuingia benki mtandaoni kwa mfumo usiosasishwa ni hatari, na siwezi kumshauri mtu akae hivyo miaka. Lakini kama tatizo ni usalama, dawa ipo na haigharimu mashine mpya. Linux Mint inahitaji RAM ya gigabaiti 2 na inatembea vizuri kwa 4. Inasasishwa bure, haidai chipu yoyote, na unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo diskini. LibreOffice iliyomo ndani yake inafungua mafaili ya Word. Mpangilio wa jedwali gumu unaweza kuyumba kidogo, hilo ni kweli, na anayetegemea programu moja mahsusi ya Windows atakwama. Kwa mwanafunzi na mwalimu wengi inatosha kabisa. Ubuntu, mfumo ambao Mint imejengwa juu yake, ulianzishwa mwaka 2004 na Mwafrika, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Mafundi wanaoijua Linux wapo mitaani kwetu. Mbona hawamwambii mteja kwamba chaguo hili lipo?

Tusidanganyane pia kuhusu mahali kompyuta hizi zinapokwenda. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Nyingine zinaishia kwa vijana wanaochoma nyaya wapate shaba, moshi ukiingia vifuani mwao. Kila mashine nzima inayotangazwa kuwa imechoka inaongeza chungu hicho, na moshi huo unavutwa zaidi katika nchi maskini, ambazo hazikuamua chochote kuhusu TPM 2.0.

Kwa hiyo madai yangu ni mahsusi. Wewe mwenye kompyuta, usikubali hukumu bila kuonyeshwa namba. Simama mezani, mwambie fundi: nifungulie Task Manager, nionyeshe ni kumbukumbu, ni diski au ni prosesa. Ukiambiwa diski mbovu, omba uone taarifa ya afya yake, maana diski hujiwekea kumbukumbu za makosa na zipo programu za bure za kuzisoma. Anayejua kazi hatachukia kuulizwa. Atafurahi kumpata mteja anayesikiliza.

Vyuo vya ufundi vifundishe kupima kabla ya kufundisha kufomati, na mtihani wa vitendo uwe huo: mpe mwanafunzi mashine nzito yenye mafaili ya mtu, airudishe nyepesi na mafaili yote yakiwepo.

Na ofisi zetu za umma, ambazo nyingi siku hizi hazipokei fomu ya karatasi, nazo zina deni. Mmehamishia maombi ya mikopo, ya ajira na ya leseni kwenye kurasa zilizojaa picha kubwa na vitu vinavyojizungusha, zinazogandisha kompyuta ya mwombaji saa nne usiku huku siku ya mwisho ikiwa kesho yake. Kabla hamjaufungulia umma mfumo wowote, tafuteni kompyuta ya mwaka 2014 yenye RAM ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka, iunganisheni na bando la simu, mkalisheni hapo mkurugenzi aliyeuidhinisha, ajaze fomu yote mwenyewe mpaka apate namba ya kumbukumbu. Akishindwa, mfumo urudi kwa walioujenga, na malipo yao yasubiri.